Kombe Lisifunikwe

Wazee wetu walituachia mithali isemayo, Funika kombe mwanaharamu apite. Maana yake twaijua sote: yako mambo ya nyumbani ambayo si kila mpita njia yampasa kuyaona, na mwenye busara huyafunika mpaka mtu asiyehusika ameenda zake. Mithali hii ni njema mahali pake. Mume na mke waliokosana jana na kupatana leo hawana haja ya kuutangazia mtaa mzima. Wala mwalimu aliyekosea hesabu ubaoni hana haja ya kusimangwa sokoni. Lakini kila mithali ina mpaka wake, kama vile shamba lilivyo na mpaka wake, na mtu akiuvuka huingia katika haki ya mwenziwe.

Katika makala hii twataka kuuliza swali moja, nalo ni zito. Ikiwa mchungaji wa Kanisa, awe padre au askofu au mwalimu wa dini, amemnajisi mtoto aliyewekwa chini ya ulinzi wake, je, yafaa kombe lifunikwe? Na ikiwa limekwisha kufunikwa, ni nani atakayejibu: yule aliyetenda peke yake, au na yule aliyejua akanyamaza? Twajua ya kuwa wako wasomaji watakaoona soni hata kulikuta swali hili katika gazeti la Kanisa. Twawaomba wavumilie. Nyumba ni yetu, na taka za nyumba hufagiwa na wenyewe. Wasipofagia, jirani atakapokuja kuzinusa hawana haki ya kumkasirikia.

Kwanza na tutazame yaliyotokea, maana hoja isiyo na habari ni kama mtungi usio na maji. Katika mji wa Boston, huko Marekani, alikuwako padre jina lake John Geoghan. Kwa muda wa miaka kama thelathini alihudumu katika parokia sita, moja baada ya moja, na watu zaidi ya 130 walijitokeza baadaye kusema kwamba aliwaharibu walipokuwa watoto. Gazeti la mji ule, Boston Globe, lilipoanza kuzichapa habari hizo kwa urefu tarehe 6 Januari 2002, jambo lililowashtua watu halikuwa dhambi ya mtu mmoja tu, kwa maana dhambi haikuzaliwa Boston. Jambo lililowashtua ni kwamba wakubwa walijua. Mwaka 1982 mama mmoja alimwandikia barua kardinali wa siku zile kumweleza habari za wavulana saba wa ukoo wake. Mwaka 1984 kardinali aliyefuata, Bernard Law, alimpeleka padre yule yule katika parokia nyingine. Na hata askofu msaidizi alipoandika mwaka huo huo kumwonya, padre aliachwa karibu na watoto miaka mingine kadhaa. Mwaka 2002 alihukumiwa kifungo, na mwaka 2003 aliuawa gerezani na mfungwa mwenziwe. Kardinali Law alijiuzulu Desemba 2002. Mwaka 2003 jimbo la Boston lilikubali kulipa dola 85,000,000 kwa watu zaidi ya 500 waliodhulumiwa na mapadre mbalimbali.

Wala Boston haikuwa peke yake. Uchunguzi uliofanywa kwa agizo la maaskofu wa Marekani wenyewe, ukatolewa mwaka 2004, ulihesabu mapadre 4,392 walioshtakiwa katika miaka ya 1950 hata 2002, na watu 10,667 waliowashtaki. Ayalandi ilitoa taarifa mbili kubwa mwaka 2009, moja juu ya shule na nyumba za watoto zilizoongozwa na watawa, na moja juu ya jimbo la Dublin. Ujerumani mwaka 2018 ilihesabu katika majalada ya Kanisa watoto 3,677 walioumizwa tangu mwaka 1946. Ufaransa mwaka 2021 tume iliyoombwa na maaskofu wenyewe ilikadiria ya kuwa watoto kama 216,000 waliumizwa na mapadre na watawa tangu mwaka 1950. Mtu akizisoma taarifa hizo ataona neno lile lile likirudi katika kila nchi na kila lugha: padre alihamishwa, mzazi aliombwa anyamaze, barua iliwekwa kabatini. Kombe lilifunikwa.

Sasa twasikia mtu akisema, Hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, kwetu hayapo. Ndugu huyu twamheshimu, lakini twamwomba asikilize habari nyingine. Huko Uingereza alikuwako wakili mkubwa, jina lake John Smyth. Hakuwa kasisi, ila alikuwa na cheo cha msomaji katika Kanisa la Anglikana na kiongozi katika kambi za Kikristo za wavulana. Aliwachukua vijana nyumbani kwake akawapiga fimbo mpaka damu, akiwaambia ya kuwa ndiyo njia ya kuitakasa mioyo yao. Mwaka 1982 taarifa ya siri iliandikwa juu yake, ikasomwa na watu wachache wenye vyeo. Je, ilipelekwa polisi? La. Aliachwa aende zake, na mwaka 1984 alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine kwa wavulana wa huko. Katika kambi moja, mwaka 1992, mvulana wa miaka 16 alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea. Baadaye Smyth alihamia Afrika Kusini, na mwaka 2018 alifia Cape Town bila kuhukumiwa kwa lolote. Taarifa iliyotolewa Novemba 2024 ilionyesha ya kuwa wavulana na vijana zaidi ya 100 waliumizwa, na wengi wao ni wa Afrika, kupita wale wa Uingereza. Siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu, kwa kuwa baada ya kupata habari mwaka 2013 hakuhakikisha kwamba jambo lile limefuatwa inavyopasa.

Basi, ndugu, tazama mambo hayo. Kombe lilifunikwa Uingereza, na mwanaharamu akapita. Lakini alipita kuja wapi? Alipita kuja kwetu. Hapo ndipo mithali inapogeuka. Wazee walisema funika ili mwovu asione na aende zake. Lakini ikiwa mwovu ndiye aliyemo ndani ya nyumba, kufunika ni kumkinga yeye asionekane, na watakaoumia ni wale wasiojua kilichomo chini ya kifuniko.

Nasi wenyewe hatusimami mbali na habari hizi kama watu walio safi. Miaka mingi iliyopita tulifundisha katika shule moja ya misheni, na darasani petu alikuwamo mvulana mmoja mwenye akili nzuri na sauti nzuri ya kuimba. Tangu mwanzo alipenda kuhudumu altareni. Ghafula akaanza kutoroka. Siku ya mafundisho haonekani. Akitumwa kupeleka barua nyumbani kwa mkubwa wa pale, hulia, husema mguu unamwuma, hujificha shambani. Sisi tulimhesabu kuwa mvivu, tukamchapa viboko mbele ya wenziwe, tukamwambia ya kuwa amemwonea Mungu haya. Hakusema neno. Mwisho wa mwaka akaacha shule, akaenda kuchunga ng'ombe wa mjomba wake. Mkubwa yule akahamishwa pasipo maelezo. Baada ya muda mrefu tulikutana na mvulana yule, naye sasa ni mtu mzima, akatuambia kwa maneno machache sababu ya kukimbia kwake. Kisha akasema jambo ambalo hatujalisahau: ya kuwa alipoona fimbo mkononi mwetu alijua kwamba hata mwalimu hatamsadiki, basi hakuona faida ya kusema.

Hatuwezi kuyarudisha maji yaliyomwagika. Lakini tangu siku ile hatukubali tena kusema ya kuwa jambo hili ni la Ulaya.

Na tuzichunguze sasa sababu watu wanazotoa za kufunika, maana si zote ni za ujinga, na nyingine zina sura ya wema.

Sababu ya kwanza ni heshima ya Kanisa. Husemwa, Jambo hili likitoka nje, waumini watakwazwa, na wasio na imani watacheka. Twauliza, Ni nani aliyemkwaza mtu: aliyesema au aliyetenda? Nyumba ikiungua, anayepiga kelele siye aliyewasha moto. Tena, Kanisa ni nini? Ikiwa Kanisa ni majengo na majoho na jina jema katika magazeti, labda laweza kulindwa kwa kunyamaza. Lakini tumefundishwa ya kuwa Kanisa ni watu walio mwili mmoja, na mtoto yule aliyebatizwa ni kiungo cha mwili ule sawasawa na padre. Kuuficha uovu ili Kanisa lisiaibike ni kukata mkono wa mwili ili kuokoa pete. Na yaliyotokea yametuonyesha ya kuwa hata pete haikuokoka: Boston ilinyamaza miaka mingi, kisha ikapata aibu mara mia. Mficha maradhi kilio humfichua.

Sababu ya pili ni msamaha. Husemwa, Ametubu, sisi ni Wakristo, tumsamehe, tumpe mahali pengine. Hapa ndipo watu wengi wema huanguka, maana msamaha ni amri kwetu. Lakini na tuyatenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Mtunza hazina wa chama akiiba fedha, kisha akalia na kutubu, twaweza kumsamehe kwa moyo wote. Walakini hatumrudishii funguo za sanduku. Kutomrudishia si chuki. Ni akili, na tena ni huruma kwake pia, ili asijaribiwe mara ya pili. Je, mtoto ni mdogo kuliko sanduku la fedha? Tena iko shida nyingine. Anayesamehe ni yule aliyekosewa. Askofu hakunajisiwa, ni mtoto aliyenajisiwa. Askofu akisema, Nimesamehe, bila kumwuliza mtoto wala wazazi wake, ametoa sadaka kwa mali isiyokuwa yake. Na msamaha wenyewe hauondoi hukumu ya serikali. Mwuaji hutubu gerezani, na kuhani humwondolea dhambi, wala mlango wa gereza haufunguki kwa ajili hiyo.

Sababu ya tatu ni cheo kitakatifu. Husemwa, Padre amepakwa mafuta. Mlei ni nani hata amshtaki? Sisi twaona ya kuwa hoja hii imesimama juu ya kichwa. Kwa nini mtoto alikwenda peke yake nyumbani kwa padre bila hofu? Kwa sababu ya mafuta yale. Kwa nini mama alimruhusu, tena kwa furaha, akamvika nguo safi? Kwa sababu ya mafuta yale. Mwizi wa barabarani hana kitu kama hicho cha kumfungulia milango. Basi cheo hakimpunguzii mtu hatia, bali chaiongeza, kwa kuwa alitumia ufunguo aliopewa na Mungu kufungua mlango wa dhuluma. Bwana wetu alisema maneno makali kupita yote juu ya mtu awakwazaye wadogo, akataja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Wala hakusema ya kuwa makuhani wamesamehewa jiwe hilo.

Sababu ya nne ni hofu ya uongo. Husemwa, Watoto husema uongo, na maadui wa padre wanaweza kumtumia mtoto. Neno hili hatulidharau, kwa maana jina la mtu asiye na hatia ni kitu cha thamani, na kulivunja ni dhambi. Huko Australia Kardinali George Pell alihukumiwa na baraza la wazee wa mahakama mwaka 2018, akafungwa zaidi ya mwaka mzima. Na mwaka 2020 mahakama kuu ya nchi, majaji wote saba kwa nia moja, iliifuta hukumu ile. Lakini habari hii yatufundisha nini? Je, yatufundisha kwamba mashtaka yasisikilizwe? La, yatufundisha kinyume chake. Yatufundisha ya kuwa mahali pa kuutenga ukweli na uongo ni pale penye hakimu asiye ndugu wa mshtakiwa wala adui yake, penye ushahidi na rufani. Padre asiye na hatia hupata nini kwa kufunikwa kwa kombe? Hupata minong'ono ya maisha yote, isiyo na siku ya kujibiwa. Kanisa linaloficha kila jambo halimpi mwema njia ya kujulikana kuwa mwema. Kwa hiyo kuwajibika si kumhukumu mtu kabla ya wakati. Ni kumweka kando na watoto wakati shauri linapochunguzwa, bila kumtukana, na kuliacha shauri lichunguzwe na wale ambao ndiyo kazi yao.

Sababu ya tano ni siri ya kitubio. Husemwa, Askofu hawezi kusema aliyoyajua. Neno hili nalo lataka uangalifu. Siri ya kitubio ni kitu kimoja, na siri ya ofisi ni kitu kingine. Barua ya mama aliyelia si kitubio. Malalamiko ya mwalimu si kitubio. Taarifa ya daktari si kitubio. Barua zile za Boston hazikuandikwa kitubioni, ziliandikwa mezani, zikatiwa stempu, zikafika. Mtu asilivike joho la sakramenti jambo ambalo ni woga tu.

Hata sasa tumesema juu ya aliyetenda. Sasa tuje kwa yule aliyejua. Wengi husema, Askofu hakumgusa mtoto. Kosa lake ni upole tu. Tukumbuke habari za kuhani Eli katika kitabu cha Samweli. Wanawe walikuwa makuhani, wakaidharau sadaka na kuwatendea uovu wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Eli mwenyewe hakutenda hayo. Tena hakunyamaza kabisa: aliwaonya, aliwaambia si vema. Lakini baada ya kuwaonya aliwaacha pale pale madhabahuni, na kwa jambo hilo nyumba yake ilihukumiwa pamoja nao. Kosa la Eli si ukatili. Ni upole uliowekwa mahali pasipo pake, upole kwa mwenye nguvu uliokuwa ukatili kwa wanyonge. Mwenye mamlaka ya kuondoa, asipoondoa, amepanda mbegu ya tendo la pili. Mtoto wa kwanza aliumizwa na padre peke yake. Mtoto wa pili aliumizwa na padre pamoja na yule aliyemhamisha.

Kwa sababu hiyo twaona ya kuwa kujiuzulu kwa mkubwa si ukatili wa magazeti, bali ni sehemu ya haki. Lakini kujiuzulu kuwe ni kujiuzulu kweli. Kardinali Law, baada ya kuacha Boston, alipewa mwaka 2004 uongozi wa kanisa moja kubwa la Roma, akakaa katika heshima. Hatuhukumu moyo wake, naye amekwisha kufa tangu 2017. Lakini waliodhulumiwa waliona jambo hilo, wakajua ni nani aliyehesabiwa kuwa mtoto mpendwa wa nyumba.

Ni haki kusema pia ya kuwa Kanisa limejifunza, ingawa kwa kuchelewa na kwa kusukumwa. Mwezi wa Mei 2019 Papa Fransisko alitoa sheria iitwayo Vos estis lux mundi, akawaagiza mapadre na watawa wote kuwapasha wakubwa habari za matendo haya, akaweka na njia ya kumchunguza hata askofu aliyeficha. Desemba ya mwaka huo huo aliiondoa siri ya kipapa katika mashauri haya, ili isiwe kisingizio tena. Na katika sheria za Kanisa zilizorekebishwa na kuanza kutumika Desemba 2021 liko badiliko moja ambalo kwa mwalimu ni somo zima. Hapo kwanza uovu huu uliandikwa katika sehemu ya makosa ya mapadre juu ya wajibu wao wa pekee, kana kwamba aliyekosewa ni useja wa padre. Sasa umeandikwa katika sehemu ya makosa juu ya uhai, heshima na uhuru wa binadamu. Yaani hapo zamani sheria ilimtazama padre ikauliza, Umeivunjaje nadhiri yako? Sasa yamtazama mtoto na kuuliza, Umemfanya nini huyu? Twasema ya kuwa katika badiliko hili limo jibu la swali letu lote. Muda wote tulipokuwa tukifunika kombe, macho yetu yalikuwa kwa padre. Tukimtazama mtoto, mkono wenyewe unakataa kufunika.

Lakini sheria ya Roma au ya Canterbury haitembei kwa miguu yake mpaka kijijini. Huletwa na watu, na mara nyingi mtu wa kwanza ni mwalimu. Basi, walimu wenzetu, yatupasa nini?

Mtoto akikuambia neno, msikilize mpaka mwisho, wala usimhoji kama karani wa mahakama, wala usimwambie, Nyamaza, usimsingizie mtu wa Mungu. Usimwahidi kwamba utaficha. Mwambie ya kuwa utawaeleza wale tu wawezao kumsaidia. Andika aliyoyasema kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe. Kisha upeleke habari kwa serikali, usiishie kwa mkubwa wa parokia tu. Katika Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamlazimu mtu yeyote katika jamii anayejua ya kuwa haki ya mtoto yavunjwa kuwapa habari wenye mamlaka wa mahali pale. Yuko afisa wa ustawi wa jamii, na katika vituo vya polisi liko dawati la jinsia na watoto. Kenya inayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na maafisa wa watoto. Katika nchi zote mbili simu ya namba 116 hupigwa bure kwa ajili ya habari za watoto. Kumpasha habari askofu ni vema, lakini hakuchukui mahali pa kwenda polisi.

Nanyi wazazi, twawasihi katika jambo moja lililo gumu. Desturi yetu ya kumaliza mambo kinyumbani imeokoa ndoa nyingi na mashamba mengi, nasi twaipenda. Lakini mtoto si shamba. Wazee wakikaa, wakapokea mbuzi wawili na fedha kidogo, wakapeana mikono na kusema shauri limekwisha, ni shauri la nani lililokwisha? Mtoto hakula mbuzi wale. Yeye atamwona mtu yule tena Jumapili, amesimama mbele, na babaye akimwamkia, Tumsifu Yesu Kristo. Hapo atajifunza ya kuwa ulimwengu wote umeafikiana juu yake.

Labda msomaji atasema, Je, baada ya haya yote nani atakayewaamini mapadre? Twamjibu kwa yale tunayoyajua. Mapadre na makasisi walio wengi hawakutenda uovu huu. Tunao waliotufundisha kusoma, waliolala njiani wakienda kuzika maskini, waliogawa chakula chao wakati wa njaa. Ndio wanaoumizwa zaidi na kifuniko, kwa maana chini yake mwema na mwovu hawajulikani. Kifuniko kikiondolewa, mwema hana cha kupoteza.

Tumalize kwa kumrudia Eli, maana iko sehemu ya habari yake ambayo hatuisikii sana mimbarani. Ujumbe wa hukumu juu ya nyumba yake hakuletewa na nabii mkubwa, wala na mfalme. Aliletewa na mtoto, Samweli mdogo, aliyelala hekaluni na kuamka asubuhi akiwa na hofu ya kusema. Na mzee yule, pamoja na makosa yake yote, alifanya jambo moja jema: alimwita mtoto, akamwagiza asimfiche neno hata moja, na alipokwisha kulisikia, ingawa lilikuwa kinyume chake mwenyewe, hakumpiga wala hakumwita mwongo.

Sisi tulipewa mtoto aliyekuwa na neno, tukamchapa viboko. Mtu yule sasa ana watoto wake, nao hawaji kanisani, wala hatuthubutu kumwuliza kwa nini. Alipotusimulia habari zake tulimwomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba kama twataka kumlipa, tuwasikilize wengine. Makala hii ni sehemu ndogo ya deni hilo. Msomaji uliye mwalimu, kesho darasani pako huenda akawamo mmoja anayetoroka bila sababu. Kabla ya kuichukua fimbo, mwite kando, keti chini, umwulize. Na ukisha kumwuliza, uwe tayari kulisikia jibu.